UZI: Ndege wa msimu Tabora na Kigoma, kinachowaleta ni baridi ya Ulaya au mvua yetu?

Mwana wa Igombe (Tabora)

Wakuu, habari za mchana.

Kila mwaka ikifika Oktoba, jua la Tabora likiwa kali kuliko miezi yote na miyombo imeshatoa majani mapya mekundu kabla hata tone la mvua halijadondoka, anga ya bwawa la Igombe inabadilika. Mbayuwayu wanajaa juu ya maji. Keremkerem wanapita makundi kwa makundi, unawasikia kabla hujawaona. Na mtaani utasikia maelezo yale yale mawili: "hao wamekimbia baridi ya Ulaya", au "hao ndio wanaotuletea mvua". Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, nimesoma nilichoweza kupata, na leo naomba niyachambue yote mawili. Ni marefu kidogo, vumilieni.

Tuanze na baridi. Ndege mwenye manyoya kamili hasumbuliwi sana na baridi yenyewe. Manyoya yanakamata hewa karibu na ngozi na kutunza joto la mwili. Wapo ndege wa gramu sita tu wanaokaa Skandinavia majira yote ya baridi na theluji imejaa kila mahali. Kinachoua ni njaa. Mbayuwayu anakula wadudu wanaoruka, na hewa ikipoa wadudu hawaruki. Vuli ya mwaka 1974 baridi iliingia mapema Ulaya ya kati, mamia ya maelfu ya mbayuwayu wakakwama kaskazini mwa milima ya Alps, wamekaa kwenye kuta na madirisha hawana nguvu hata ya kupiga mbawa. Watu wakawaokota, wakawapakia kwenye maboksi na kuwavusha kwenda kusini kwa treni, kwa magari na hata kwa ndege za abiria. Mimi kisa hiki kinanigusa sana kila ninapokikumbuka.

Sasa, kama baridi ikifika ndege ameshachelewa, ni nani anayemwambia aondoke mapema? Ni mwanga. Miaka ya 1920 huko Kanada, William Rowan wa Chuo Kikuu cha Alberta aliweka ndege wadogo kwenye vizimba vya nje, kwenye baridi kali ya kwao, akawa anawawashia taa za umeme jioni na kuongeza muda kidogo kidogo kila siku. Baridi ilibaki baridi, lakini viungo vyao vya uzazi vikaanza kukua kana kwamba majira ya kuchipua yamefika. Mwili ulikuwa unapima urefu wa mchana. Kipimajoto kinaweza kudanganya, leo joto kesho baridi, lakini urefu wa mchana kwa tarehe fulani haubadiliki mwaka hadi mwaka. Ndege anayesubiri baridi imfukuze hafiki mbali.

Joto lina kazi zake, na ni kubwa. Ndege akishakuwa tayari, mafuta yamejaa kifuani na tumboni, ndipo hali ya hewa inapoamua ni usiku upi: anga limetulia, upepo unatoka nyuma, wanaondoka. Na kuna wale wakubwa, korongo weupe na tai, ambao hawapigi mbawa njia nzima. Wanasubiri jua lipashe ardhi moto, kama saa tatu au nne asubuhi, hewa ya moto ianze kupanda, waingie humo wazunguke juu bila kutumia nguvu, kisha wateleze hadi kwenye mzunguko mwingine. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi vizuri. Ndiyo maana korongo wa Ulaya ya mashariki hawakati Bahari ya Mediterania katikati. Wanazunguka nchi kavu kupitia mlango wa bahari wa Bosporus (Uturuki), rasi ya Sinai (Misri) na bonde la Nile mpaka kwetu.

Kwamba wanakuja Afrika kweli, Wazungu wenyewe walipata ushahidi wa ajabu mwaka 1822, pale korongo alipopatikana Mecklenburg, Ujerumani, akiwa hai na mkuki wa Afrika umepita shingoni. Yupo mpaka leo Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki ukiwa bado pale pale.

Upande wetu sasa. Tabora ni kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai kuna ubaridi kidogo, Oktoba joto, lakini hakuna theluji wala barafu. Kwetu saa ya ndege inaendeshwa na mvua. Kiangazi nyasi zimeungua, wadudu wamejificha. Mvua za Novemba zikishika, kila kitu kinaamka kwa wiki chache. Tazameni kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikinyesha jioni, wanatoka ardhini kama moshi, na tai mkubwa aliyetoka nyika za Urusi na Kazakhstan, ndege mwenye kucha za kumkamata sungura, anashuka chini na kutembea kwa miguu akiokota kumbikumbi mmoja mmoja. Mvua haiji kwa sababu yake. Yeye ndiye anayeifuata mvua kwa sababu ya chakula.

Naomba michango, hasa walioko Kaliua, Urambo, Uvinza na ziwani. Mnaona nini huko kwenu?

---

Mzinga Sikonge

Mkuu umeandika vizuri. Mimi ni mfuga nyuki, na hao keremkerem nawafahamu kwa karibu kuliko ninavyopenda. Anamdaka nyuki hewani, anarudi kwenye tawi, anampigapiga kichwa pale, halafu anamgeuza na kumsugua mkia kwenye gome mpaka sumu itoke, ndipo anameza. Hakosei. Siku za mawingu wanakaa karibu kabisa na mizinga. Swali langu: kuna wenzetu wanawapiga kwa manati. Inasaidia? Na kweli wanaongezeka, au ni macho yangu?

Mwana wa Igombe

Mzinga Sikonge, asante kwa hiyo picha ya mwiba, ni hivyo hivyo kabisa. Wale wanaopita Oktoba na Novemba wengi ni wasafiri, wako safarini kwenda kusini na watapita tena Machi na Aprili wakirudi. Ukimpiga mmoja leo, kesho kundi lingine liko hapo, na lile la jana limeshaondoka. Tena hawali nyuki peke yake: wanakula manyigu, kereng'ende na panzi, na manyigu ni adui wa mzinga pia. Siku za mawingu wadudu wengine wanapungua hewani, ndiyo maana wanakusogelea.

Kuhusu kuongezeka, huko wanakozaliana habari ni ya joto moja kwa moja. Ujerumani zamani keremkerem alikuwa mgeni adimu. Kuanzia miaka ya 1990 wamechimba mashimo ya viota kwenye kingo za mchanga na kuongezeka sana, kwa sababu majira ya joto ya kule yamezidi kuwa ya moto na makavu. Kwa hiyo huenda hilo joto la Ulaya linaonekana mpaka kwenye mizinga ya Sikonge.

---

Mama Mpunga Igunga

Ndugu zangu, nyie mnasifia ndege, sisi wa mbuga ya Wembere tunalia. Kwelea wakishuka kwenye mpunga au mtama, asubuhi shamba lipo, jioni mabua tu. Watoto wanaacha shule kwenda kuamia. Naomba nielezwe wanatoka wapi na kwa nini kuna mwaka hawaonekani na mwaka mwingine wanafunika jua.

Mwana wa Igombe

Pole sana mama. Kwelea ndiye somo kubwa kuliko wote la hali ya hewa na mwendo wa ndege, na ni wa hapa hapa Afrika, Ulaya hapajui.

Chakula chake cha asili ni mbegu za majani ya porini. Kiangazi chote anaokota mbegu kavu zilizodondoka ardhini. Sasa mvua ya kwanza ikinyesha, sisi tunafurahi, yeye anaingia kwenye shida: mbegu zote zinaota kwa pamoja. Ndani ya siku chache ghala lake limegeuka majani. Basi kabla ya hapo anakula sana, ananenepa, halafu anaruka juu ya ukanda wa mvua na kwenda kutua sehemu ambako mvua ilinyesha wiki nyingi kabla, ambako majani yameshakomaa na kutoa mbegu mpya. Baadaye anarudi nyuma polepole akifuata mbegu zinavyokomaa, na anazaliana njiani popote penye majani ya kutosha. Mayai yanaanguliwa kwa takriban siku kumi, ndiyo maana idadi inalipuka haraka.

Hivyo mwaka ambao mvua imegawanyika vizuri porini, kwelea wanatawanyika huko. Mwaka ambao mvua imekatika katikati na majani ya porini hayakuzaa mbegu, shamba lako lenye mfereji wa maji linakuwa sehemu pekee ya kijani na yenye punje. Mmoja anakula gramu kumi hivi kwa siku. Ni kidogo, lakini wao ni mamilioni. Tatizo lako mama linaanza mwezi mmoja au miwili kabla hujawaona, kwenye majani ya nyikani. Ukiona mbuga imekauka mapema huku mpunga wako unaanza kubeba, toa taarifa kwa afisa kilimo siku hiyo hiyo, usisubiri wafike.

Mama Mpunga Igunga

Hilo la mbegu kuota sikuwahi kulisikia. Nimeelewa. Mwaka huu nitaangalia majani kwanza.

---

Mvuvi wa Kibirizi (Kigoma)

Salaam kutoka ziwani. Mimi navua dagaa kwa taa. Usiku wa giza wenye mawingu mazito, hasa miezi ya kuelekea mvua, ndege wadogo sana wanakuja kwenye taa. Si ndege wa ziwani, ni wa nchi kavu. Wanazungukazunguka, wengine wanatua kwenye mtumbwi wamechoka kabisa, unaweza kumshika. Wazee wetu wanasema ni roho za watu, tusiwaguse. Usiku wenye nyota hawaji. Hili likoje?

Mwana wa Igombe

Ndugu yangu wa Kibirizi, umetoa kitu kizuri mno, na wazee wako walifanya vyema kusema wasiguswe.

Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Mchana wanakula, usiku wanaruka. Usiku hewa imetulia na imepoa. Mbawa zikifanya kazi masaa mfululizo mwili unachemka kweli kweli, na namna ya kujipoza ni kupoteza maji kwa pumzi, na angani hakuna pa kunywa. Tena usiku zipo nyota za kuwaongoza. Wingu likifunika, taa yako inakuwa nuru pekee, wanapotea na kuizunguka. Ukiwaona hivyo, kama uvuvi wako unaruhusu, zima taa dakika chache. Wataondoka.

Kuhusu joto, kuna ndege wa kwenye matete, Acrocephalus arundinaceus, anazaliana Ulaya na anakuja Afrika ya kitropiki. Watafiti wa Sweden walimfunga kifaa kidogo mgongoni na mwaka 2021 wakachapisha walichokiona: akivuka Sahara au Mediterania usiku haukumtosha, kwa hiyo anaendelea kuruka mchana. Jua likichomoza, anapanda. Usiku alikuwa kwenye mita 2,400 hivi, mchana anafika zaidi ya mita 5,000. Ndege wa gramu thelathini anaruka karibu na kimo cha Kilimanjaro! Maelezo yanayoelekea zaidi kuwa sahihi ni kwamba anatafuta baridi, maana jua linamwongezea joto juu ya lile la misuli yake.

Na yupo mdogo zaidi, Phylloscopus trochilus, gramu kumi tu, rangi ya kijani iliyopauka, hata ukimwona kwenye mwembe hutamgeukia. Kuna kundi lake linaloanzia mashariki ya mbali kabisa ya Urusi, na vifaa vimeonyesha wanakuja kukaa kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Kilomita kama 13,000, kwenda tu.

---

Mzee wa Kaliua

Vijana hamjambo. Nawasoma. Sisi tulikuwa tukisikia dudumizi analia mfululizo tunajua jembe liwe tayari. Na kulikuwa na korongo wadogo weusi, tumbo jeupe, wanatua mashambani kwa mamia wakati wa kulima, wanatembea nyuma ya watu wakila panzi na viwavi. Siku hizi mwaka mmoja wanatua na kukaa, mwaka mwingine wanapita juu tu wanaenda. Ndege wamebadilika au sisi?

Mwana wa Igombe

Shikamoo mzee. Asante kwa kuingia.

Dudumizi ni mwenyeji, hasafiri. Anazaliana mvua zinapokaribia, na kabla ya mvua ndipo anapolia sana. Kwa hiyo mlikuwa mnasoma alama sahihi.

Hao korongo wa tumbo jeupe wanaishi maisha yao yote wakiifuata mvua. Wanazaliana ukanda wa Saheli na Sudan mvua za huko zinaponyesha, Mei hadi Septemba. Mvua ikihama kuja kusini, wao nao wanahama, wanapita kwetu na kuendelea mpaka kusini mwa Afrika. Wanatua palipo na panzi na viwavijeshi. Kama mvua ya Kaliua imechelewa na ardhi bado kavu, hakuna cha kutulia, wanapita. Hawakubadilika tabia, mzee. Ratiba ya mvua ndiyo imevurugika, na wao wanatuonyesha wazi kuliko kipimo chochote tulicho nacho kijijini. Wazee wenye kumbukumbu kama zako naomba muandike: mwaka gani walitua, mwaka gani walipita. Hakuna mwingine mwenye taarifa hiyo.

---

Mwl wa Baiolojia

Nina swali gumu kidogo kwa mleta uzi. Umesema mwanga ndio saa. Sawa kwa Ulaya, ambako urefu wa mchana unatoka masaa manane mpaka masaa kumi na sita. Lakini Tabora tuko nyuzi tano kusini mwa ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi haizidi nusu saa sana. Mbayuwayu aliye hapa Machi anajuaje kwamba Ujerumani theluji inayeyuka?

Mwana wa Igombe

Mwalimu, hapo umegusa kiini cha mambo yote. Jibu ni kwamba hajui. Na hapo ndipo hatari ilipo.

Eberhard Gwinner, mtafiti wa Ujerumani, aliwafuga ndege wahamaji ndani ya vyumba vyenye mwanga wa saa 12 na giza la saa 12, joto lile lile, mwaka mzima na zaidi. Hawakuona dirisha wala jua. Bado msimu wa safari ulipofika walinenepa na usiku wakahangaika kwenye vizimba wakitaka kuruka. Wana kalenda ndani ya mwili, wamezaliwa nayo. Kwa hiyo ndege aliye kwenye miombo ya Tabora anaondoka kwa kalenda hiyo, hana namna ya kupata habari za joto la kule.

Zamani haikuwa shida, kwa sababu kalenda yake na majira ya kule vilikuwa vinaoana. Sasa Uholanzi kuna ndege mdogo mweusi na mweupe, Ficedula hypoleuca, anatoka Afrika Magharibi kwenda kuzaliana kule. Christiaan Both na Marcel Visser walionyesha mwaka 2001 kwamba majira ya kuchipua yamepata joto, viwavi wanatokea mapema, lakini ndege huyu anawasili siku zile zile. Akifika anatotoa upesi awezavyo, na bado vifaranga wanafungua midomo wakati viwavi wameshakwisha. Mwaka 2006 wakachapisha tena: kwenye misitu ambako viwavi huwahi zaidi, ndege hao walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 90.

Wale wasiosafiri mbali wana nafuu, wanahisi joto likipanda wanasogea. Korongo weupe wengi sasa wanabaki Hispania na Ureno majira ya baridi, wanakula kwenye majalala, Afrika hawaji tena. Msafiri wa mbali ndiye anayeumia.

---

Mwananzengo

Uzi mzuri, ila niseme ukweli wangu. Hayo ni matatizo ya Wazungu. Joto walileta wao, ndege ni wao. Sisi tuna shida ya maji na barabara. Tunahusikaje?

Mwana wa Igombe

Mkuu, shida ya maji na ya ndege ni moja. Na hao ndege si wa Ulaya. Wengi wanakaa huku muda mrefu kuliko wanavyokaa kule. Kule wanaenda kuzaa tu, kisha wanarudi.

Angalia hili. Mwaka 1969 Waingereza walisubiri aina moja ya ndege mdogo wa vichakani arudi kama kawaida. Karibu robo tatu hawakurudi. Walitafuta sababu kwenye vichaka vyao wakakosa, kumbe ilikuwa ukame wa Saheli, kusini mwa jangwa, ambako alikuwa anakaa majira ya baridi. Na huko Jamaica watafiti wameona kwamba mwaka wenye ukame wadudu wanapungua, ndege wanachelewa kunenepa, na wanachelewa kuondoka kwenda kaskazini. Kwa hiyo hali ya ardhi yetu Februari na Machi ndiyo inayoamua nani anafika kule akiwa na nguvu.

Sasa sisi tuna nini? Tuna Malagarasi na Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingia kwenye Mkataba wa Ramsar (mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu), mwaka 2000, kilomita za mraba zipatazo 32,500. Ni kubwa kuliko Rwanda. Korongo nyangumi yupo humo. Maji yake yanatunzwa na matete yale yale yanayowalisha ndege na kuzalisha samaki tunaokula Tabora na Kigoma. Tukichoma majani mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, moto unakuwa mkali unaingia mpaka kwenye matete na kuunguza miyombo inayochipua, wiki zile zile ambazo ndege wanafika na njaa. Anayelazimika kuchoma achome mapema, Mei au Juni, majani yakiwa na unyevu. Joto la dunia hatuwezi kulizima kutoka Tabora, ila tarehe ya moto iko mikononi mwetu.

Mwananzengo

Hapo kwenye moto nakubali. Kwetu wanachoma Oktoba wakisema wanasubiri mvua.

---

Mvuvi wa Kibirizi (Kigoma)

La mwisho kwangu. Jamaa mmoja aliwahi kumpata ndege amekufa ufukweni, mguuni ana pete nyembamba ya chuma yenye maandishi na namba. Aliitupa. Ingekuwa na maana?

Mwana wa Igombe

Maana kubwa sana. Mwaka 1911 Uingereza walimvisha pete mbayuwayu, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Ile pete moja ndiyo iliyoonyesha kwa uhakika kwamba mbayuwayu wa Uingereza wanafika mpaka huko.

Ukimpata aliyekufa: piga picha ya pete pande zote, andika namba na jina la nchi au kituo kama lilivyo, tarehe, na mahali ulipompata kwa jina la kitongoji. Ukimpata hai, soma namba, piga picha, mwachie, pete usiitoe. Iweke hapa kwenye uzi, nitaifikisha kwa wanaotunza kumbukumbu hizo na jibu nitalirudisha hapa hapa. Na mwambie huyo jamaa aende kuangalia alipoitupa, pete hizo kwa kawaida ni za alumini, na alumini haishiki kutu.

Mvuvi wa Kibirizi (Kigoma)

Nimempigia sasa hivi. Anasema aliitupa nyuma ya kaushio la dagaa. Asubuhi tunaenda kuitafuta.